KUMBE UPEPO NDIO ULIMMALIZA BINAMU!

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Wiki hii tuache kidogo habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tupande basi hadi Bariadi, mkoani Simiyu. Nina kisa cha binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliyekosa nafasi kwenye timu ya baiskeli kwa sekunde tisa tu. Ndiyo, tisa! Ukipiga chafya mara tatu mfululizo zimekwisha.

Kwa sekunde hizo tisa, binamu aliitwa mlevi. Kwa sekunde hizo hizo, mjomba alitangaza kwamba baiskeli inauzwa, hela zinunue plau. Nami niliyekwenda kula likizo na kunywa maziwa ya mgando nikajikuta nimekuwa mpelelezi, daftari mkononi, simu mfukoni, vumbi hadi masikioni.

NCHI YA BAISKELI

Kwa wewe ambaye hujafika, Simiyu ni mkoa uliozaliwa mwaka 2012, sehemu kubwa ukitokea Shinyanga. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Ni nchi ya pamba, ng'ombe, na ngoma za Bagika na Bagalu, ambapo watu wanashindana kucheza mpaka nyoka wanaingia uwanjani. Zaidi ya hapo ni nchi ya baiskeli.

Mjini kwetu baiskeli anapanda asiye na nauli. Kule ni mali, bwana. Inabeba gunia la mpunga, madumu ya maji, mama na mtoto wake. Sikukuu ikifika, hiyo hiyo inavuliwa keria na madigadi, inatiwa mafuta kwenye cheni, inakuwa chombo cha mashindano. Mwishoni mwa miaka ya 2010, tamasha la Simiyu Jambo lilikuwa likileta wapiga pedeli mjini Bariadi, na watu wakijaa pembeni mwa barabara kama wanasubiri msafara wa Rais.

Binamu yangu ni mmoja wa hao wapiga pedeli. Ana Phoenix nyeusi, ile ya chuma kizito, na mapaja kama mtwangio. Mwezi wa saba, kamati moja ya mashindano, ambayo jina lake naliacha, ilitangaza mchujo. Vijana 24, nafasi sita. Mbio zenyewe hazikuwa za kuzunguka mkoa mzima. Zilikuwa kilomita moja tu, barabara ya vumbi iliyonyooka kama rula katikati ya mashamba ya pamba. Mnaondoka mmoja mmoja, unaanza umesimama, saa inabonyezwa, unatimka.

Kwa kuwa vijana walikuwa wengi, waligawanywa. Kumi na wawili wakakimbia Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi. Kumi na wawili, binamu akiwemo, wakakimbia Jumapili saa tisa alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula.

Matokeo yalipobandikwa, aliyeshika nafasi ya sita, ya mwisho kuchukuliwa, alikuwa na dakika 1 na sekunde 58. Binamu: dakika 2 na sekunde 7. Nje!

MANENO YA KIJIWENI

Weee! Unajua tena mambo ya mji mdogo. Pale kijiwe cha bodaboda, karibu na stendi, kesi ilishasikilizwa na hukumu ikatolewa kabla mtuhumiwa hajafika.

"Yule alikesha kwenye harusi," alisema mmoja.

"Harusi gani? Ana mtoto wa kike Lamadi yule, ndiye anayemmaliza," akadakia mwingine, wote wakaangua kicheko.

Nyumbani hali haikuwa nzuri. Mjomba hakupiga kelele. Alikula ugali wake kimya, akanawa, akasema, "Msimu wa kulima unakuja. Baiskeli hiyo itatafutiwa mteja." Binamu akainama. Usiku huo alilala mapema, na mimi nikamsikia anajigeuzageuza kitandani hadi jogoo la kwanza.

Nilichukua karatasi ya matokeo, ambayo nilikuwa nimeipiga picha kwa simu. Nikaisoma tena na tena. Ndipo nikaona kitu. Kati ya wale sita waliochaguliwa, watano walikuwa wa Jumamosi asubuhi! Mmoja tu ndiye wa Jumapili. Sasa jamani, walevi wote wa Simiyu walipangwa siku moja?

WAMAREKANI NA ROBO MAILI YAO

Hapo nikakumbuka kitu. Mimi ni mgonjwa wa zile mbio za magari za mstari ulionyooka, zile ambazo magari mawili yanasimama sambamba, taa zinawaka, halafu moshi, kelele, kwisha! Umbali wake wa asili ni robo maili, yaani meta 402. Yale magari makali kuliko yote ya chama cha NHRA cha Marekani, tangu mwaka 2008 yanakimbia meta 305 tu, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki akiwa mashindanoni New Jersey mwaka huo.

Kinachonifurahisha kwa wale jamaa sio kelele. Ni jinsi wanavyoiogopa hewa. Fundi mzuri wa gari la mbio zile anakaa na kipimo cha hali ya hewa kama daktari na kipimajoto. Anataka kujua joto, unyevu, mgandamizo wa hewa na upepo. Kwa nini? Injini inakula hewa kama inavyokula mafuta. Hewa ya baridi imeshikana, ina oksijeni nyingi ndani ya nafasi ile ile. Hewa ya moto imetawanyika. Hewa yenye unyevu nayo, mvuke umekalia viti vya oksijeni. Kwa hiyo gari lile lile na dereva yule yule linaweza kutoka na muda mzuri jioni ya baridi, na muda wa aibu mchana wa jua kali.

Mwinuko nao usiseme. Karibu na Denver kulikuwa na njia maarufu ya mbio hizo, Bandimere, iliyofungwa mwaka 2023. Ilikuwa zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na magari yalikuwa yakichoka pale mpaka chama kikawa na hesabu maalumu ya kusahihisha muda. Sikiliza hiyo: kusahihisha muda! Wenzetu walishakubali kwamba saa peke yake haitoshi.

Halafu kuna njia yenyewe. Kabla ya kuondoka, dereva anazungusha matairi ya nyuma hapo hapo alipo mpaka yatoe moshi. Msanifu wa nguo atafikiri ni maringo. Kumbe anayapasha moto yalainike, yashike. Njia yenyewe inapakwa gundi na kujazwa raba. Ikipoa mno haishiki vizuri, ikichemka mno inateleza. Tone la mvua likidondoka, kila mtu anazima injini na kusubiri.

Nikajiuliza: kama mashine za mamilioni ya dola zinanyanyaswa na hewa na barabara, sembuse binamu yangu na Phoenix?

HEWA ILE ILE, KILIO NA KICHEKO

Hapa kuna utamu, msomaji. Baiskeli haina injini ya kula hewa, ina kifua cha mtu kinachoisukuma. Ukienda kasi, adui yako mkubwa ni hewa iliyo mbele yako. Kwa hiyo hewa nyepesi inayoinyima injini nguvu, inampunguzia mwendesha baiskeli mzigo.

Ziwa Victoria liko meta 1,134 juu ya bahari, na Bariadi iko juu zaidi ya ziwa. Kwenye meta 1,200 hivi, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko ya pwani. Bodaboda wa Bariadi asilaumu plagi kila siku. Sehemu ya nguvu zake imebaki Dar es Salaam.

Mfano mkubwa ni jiji la Mexico, lililo juu zaidi ya meta 2,200. Mwaka 1972 Mbelgiji Eddy Merckx alikwenda pale makusudi, akaendesha baiskeli kilomita 49.431 kwa saa moja na kuvunja rekodi ya dunia. Lakini kwenye jiji hilo hilo mwaka 1968, John Stephen Akhwari wetu alibanwa na misuli katika marathoni ya Olimpiki, akaanguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho huku amefungwa bandeji. Hewa ile ile ilimpa mmoja rekodi, na mwingine ikamnyima pumzi. Ukitazama saa tu, Akhwari alikuwa wa mwisho. Ukijua yaliyomkuta, unavua kofia.

GUKU NA SOMO LA UDONGO

Asubuhi ya Jumatatu nikamwendea babu, baba yake mama yangu, ambaye sote tunamwita Guku. Nikamsalimu, "Mwangaluka, Guku." Akaitika, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kabla hujamlaumu ng'ombe, tazama shamba alilolimishwa."

Akashika fimbo, tukaenda naye barabarani.

Msomaji, mimi nilikuwa naona barabara moja ya vumbi. Mzee aliona barabara tatu. Mwanzoni, pale pa kuondokea, ni luseni, udongo wa mchanga mwepesi. Katikati ni itogolo, udongo mgumu ambao kiangazi unakuwa kama sakafu ya saruji. Hapo ndipo majirani wanapolima mpunga mvua zikija. Mwisho kabisa inagusa mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka nyufa.

"Itogolo kikikauka, baiskeli inaimba," alisema Guku. "Mbuga ikilowa, hata mungu wa baiskeli anashuka anasukuma. Sasa tazama luseni hapa."

Nilitazama. Mchanga pale pa kuondokea ulikuwa umevurugwa, matairi mapana yamechimba mifereji. Malori ya pamba! Jumamosi yale ya asubuhi yalipomaliza mchujo, malori yakaanza kupita kutwa nzima. Walioondoka Jumamosi waliondokea kwenye mchanga ulioshindiliwa. Walioondoka Jumapili waliondokea kwenye unga. Mtu anayeanza akiwa amesimama, tairi likizama kidogo tu, nguvu ya mapigo ya kwanza inaishia ardhini. Ni lile lile gari la Marekani linalozungusha matairi bila kusogea, tofauti ni kwamba hapa hakuna moshi wala kamera.

Kuhusu ile mbuga, msidhani Guku anatia chumvi. Waulize waliokimbia Safari Rally enzi zile ikipangwa wakati wa Pasaka, mvua ikinyesha. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza saba tena! Madereva walikuwa wale wale mahodari. Matope ndiyo yaliyochuja.

TUNAPIMA WENYEWE

Sasa nikamtoa binamu kitandani. "Twende tukapime," nikamwambia. Akasema, "Binamu, niache. Nimeshashindwa." Nikamwambia ukweli: "Hatujui kama umeshindwa. Tunajua tu umechelewa."

Tulisawazisha mchanga pale mwanzo kwa jembe, tukaushindilia kwa miguu. Upepo wa tairi tukaujaza sawa kila mara, nguo zile zile, kilomita ile ile. Ila saa ya kukimbia tukabadilisha, na kila mara alipumzika vya kutosha.

Asubuhi saa moja na robo, siku tatu mfululizo, moshi wa jikoni ukipanda juu wima: dakika 1 na sekunde 56, kisha 58, kisha 57. Wastani 57.

Saa tisa alasiri, upepo ukitoka mashariki na yeye akielekea huko huko: dakika 2 na sekunde 8. Huyo ndiye binamu wa Jumapili! Kageuza, siku ya pili yake saa ile ile, upepo mgongoni: dakika 1 na sekunde 49. Mapaja yale yale, Phoenix ile ile, bila harusi, bila mtoto wa Lamadi.

Kwa nini mchana? Usiku hewa ya chini inapoa na kutulia kama maji ya mtungi. Jua likipanda, ardhi inachemka, hewa inaanza kupanda na kushuka, na upepo wa juu unateremshwa mpaka usoni kwetu. Kiangazi mwezi wa saba ndio mtindo wake: asubuhi kimya, mchana vumbi.

Angalia na ujanja wa upepo. Ulimla binamu sekunde 11 alipomkabili, ukamrudishia nane tu ulipomsukuma. Upepo ni mkopeshaji mbaya, haulipi ulichochukua. Ndiyo maana hata kwenye riadha, rekodi ya meta 100 haikubaliwi kama upepo wa mgongoni umezidi meta 2 kwa sekunde. Kuna mtu anakaa pale uwanjani na kipimo, kazi yake ni hiyo tu.

"SAA HAINA NDUGU"

Daftari kwapani, nikaenda kwa mzee wa kamati. Alikuwa amekaa chini ya mwembe, akanikaribisha kiti, akanisikiliza kwa adabu zote. Halafu akanijibu, "Kijana, saa ni saa. Haina ndugu. Mimi sikumpendelea mtu."

Kweli, hakumpendelea mtu. Nilimwambia hivyo. "Shikamoo yangu ni ile ile, mzee. Sijaja kusema uliiba. Nimekuja kuuliza jambo moja. Kwa nini kati ya sita, watano ni wa asubuhi?"

Akachukua karatasi. Akavaa miwani. Akakaa kimya muda mrefu, mpaka embe moja changa likadondoka. Kisha akasema, "Hili sikuliona."

Hakufuta mchujo wote. Walioingia kwa mbali aliwaacha. Lakini nafasi ya sita aliifungua upya. Vijana wanne wakaitwa: yule wa Jumamosi mwenye 1 na 58, binamu, na wenzake wawili wa Jumapili. Siku moja, asubuhi moja, mchanga umeshindiliwa. Wakapiga kura ya nani aanze. Wakimaliza wote, wapumzike, halafu warudie kwa kugeuza mpangilio, wa mwisho awe wa kwanza. Muda wa mara mbili unajumlishwa. Hapo kama jua limepanda au kijiupepo kimeamka, kimewapata wote.

Binamu: 1 na 57, kisha 1 na 59. Jumla dakika 3 na sekunde 56. Yule wa Jumamosi: 3 na 58. Nikaanza kushangilia, nikarusha kofia juu!

Halafu akaja kijana mmoja mwembamba, miguu pekupeku, ambaye Jumapili alipata dakika 2 na sekunde 10. Hakuna aliyekuwa anamzungumzia kijiweni, hata kwa ubaya. Nilisikia alikuwa ameshairudishia baiskeli yake keria, anabebea mkaa. Akapiga 1 na 57, halafu 1 na 58. Jumla 3 na 55.

Sekunde moja! Binamu nje tena.

Nilimwangalia nikidhani atalia. Akaegesha Phoenix, akaenda akampa mkono yule mwembamba, wakacheka. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Binamu, leo nimelala usingizi wangu. Nimeshindwa na mtu. Ile siku nilishindwa na vumbi, nikaambiwa ni mimi."

Mjomba alisikia yote. Hakusema kitu, unajua tena wazee. Ila plau haijatajwa tena, na jioni ile nilimwona anapaka grisi kwenye beringi ya gurudumu la mbele.

NA WEWE WA MJINI

Usidhani haya ni ya Bariadi tu. Wewe unayepiga ligi na pikipiki kwenye lami, ukumbuke mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Oili na vumbi la miezi vinachanganyika na yale matone machache, lami inakuwa kama sahani ya mlenda. Wamarekani wenye njia iliyopakwa gundi wanazima injini tone likidondoka. Wewe mwenye tairi kipara na abiria nyuma unaongeza mafuta! Barabara ya watu sio uwanja, kaka. Kama una kasi, tafuta mashindano yenye kamati na saa.

Na siku mtu akikutambia muda wake, kabla hujampigia makofi au kumcheka, muulize matatu: ilikuwa saa ngapi, upepo ulitoka wapi, na barabara ilikuwa ya namna gani? Akishindwa kujibu, amekuletea nusu ya habari.

Tukijaliwa, wiki ijayo!